Je, Wajua? Jukwaa la Cleveland Lenye Jina la Kiswahili

Je, wajua kwamba nyumba kongwe kuliko zote za maigizo ya Wamarekani Weusi ina jina la Kiswahili? Ni Karamu House ya Cleveland, jimbo la Ohio. Ilianzishwa mwaka 1915 na mtu na mkewe, Russell na Rowena Jelliffe, Wazungu waliosoma Chuo cha Oberlin, ili majirani weusi na weupe wapate pa kukutana. Jina la Karamu ilipewa mwaka 1941. Weusi na weupe kukaa pamoja halikuwa jambo dogo: kumbi nyingi za Marekani enzi hizo ziliwatenga weusi kwenye viti vya juu kabisa, au ziliwafungia mlango.

Kundi lake la waigizaji wa mtaani lilijiita The Gilpin Players, kwa heshima ya Charles Gilpin, mwigizaji mweusi aliyetamba New York mwaka 1920 katika tamthilia ya The Emperor Jones.

Kisa kinachonigusa kuliko vyote hapo ni cha tamthilia ya Mule Bone. Mshairi Langston Hughes, aliyekuwa akifika katika nyumba hiyo tangu akiwa mwanafunzi wa sekondari, aliiandika mwaka 1930 pamoja na mwandishi mwenzake Zora Neale Hurston. Wakakosana kabla kazi haijaisha. Januari 1931 Hughes yuko Cleveland kwa mama yake, akapata habari kwa Bi Rowena kwamba kundi limeletewa tamthilia mpya ya Hurston. Kumbe ni ileile yao wawili, na jina la Hughes halimo! Hurston akafunga safari mpaka Cleveland, lakini suluhu ikashindikana na onyesho likafutwa. Tamthilia hiyo ilikuja kuonekana jukwaani Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, mwaka 1991, waandishi wote wawili wakiwa marehemu.

Moto uliteketeza ukumbi wa Karamu mwaka 1939, na jengo jipya likafunguliwa 1949. Miongoni mwa waliokomaa kisanii humo ni Robert Guillaume. Huenda sura yake huijui, ila sauti umeisikia: ndiye mzee Rafiki katika filamu ya The Lion King ya mwaka 1994.

Na tuzo je, kumbi za weusi zilizipata? Tuzo ya maigizo ya Tony kwa kumbi zilizo nje ya Broadway imekuwa ikitolewa kila mwaka tangu 1976. Ukumbi wa kwanza wa weusi kuipata ni Crossroads wa New Brunswick, New Jersey, mwaka 1999. Miaka 23! Kwa watu ambao kundi lao la African Grove lilikuwa likiigiza Shakespeare mjini New York tangu 1821, mpaka polisi wakawakamata kwa kosa la kupanda jukwaani, huko ni kucheleweshewa haki yao.

Bahati njema, hawakukaa kusubiri. Mwaka 1973 Vivian Robinson alianzisha AUDELCO, inayowatuza wasanii weusi wa New York, na mwaka 1989 Larry Leon Hamlin akaanzisha tamasha kubwa la maigizo ya weusi mjini Winston-Salem, North Carolina.

Karamu House bado inaonyesha michezo. Msomaji uliye Ohio, au mwenye ndugu huko, kata tiketi uende na watoto. Jina la mlangoni watalisoma bila mkalimani.