Simu yenye loki: Ng'ombe wako, maziwa ya mwenzio

Ndugu yako aliye Marekani amekutumia simu nzuri. Unaitoa kwenye boksi, unaweka laini yako, simu inawaka vizuri lakini mtandao haushiki. Unaipeleka kwa fundi, anaigeuza mara mbili mkononi, kisha anakujibu kwa neno moja: "Ina loki."

Wengi hudhani loki ni ubovu. Si ubovu. Imewekwa kwa makusudi na ina hesabu yake ya biashara. Anayetaka kuielewa hesabu hiyo arudi nyuma hadi mwaka 2007, wakati simu ya iPhone ilipoingia sokoni kwa mara ya kwanza.

Dola 599 zilikuwa mwanzo tu

Juni 29, 2007 kampuni ya Apple ilianza kuuza iPhone nchini Marekani. Ile yenye uwezo wa gigabaiti 8 iliuzwa kwa dola 599. Hata hivyo, mnunuzi alitakiwa kujiunga na kampuni moja tu ya simu, AT&T, kwa mkataba wa miaka miwili, na kifurushi cha chini kilikuwa karibu dola 60 kwa mwezi.

Tupige hesabu. Dola 60 mara miezi 24 ni dola 1,440. Ukijumlisha na bei ya simu yenyewe unapita dola 2,000, kabla ya kodi. Hiyo ndiyo iliyokuwa bei halisi, ingawa dukani iliandikwa 599.

Siri ya mpango huo ni kwamba AT&T iliigawia Apple sehemu ya fedha za kila mwezi kutoka kwa mteja wa iPhone. Ni sawa na mfugaji anayekuuzia ng'ombe kwa bei kamili, halafu kila jioni anabisha hodi na kibuyu kuchukua sehemu ya maziwa. Mnunuzi akimhamishia ng'ombe huyo zizi jingine, mfugaji anakosa maziwa. Loki ndiyo iliyokuwa kamba ya kumfunga ng'ombe asihame.

Kamba yakatika

Kamba hiyo haikudumu. Agosti 2007 kijana wa miaka 17 wa New Jersey, George Hotz, alionyesha iPhone aliyoifungua ikitumia mtandao mwingine, baada ya kazi aliyosema ilimchukua takriban saa 500. Simu hiyo aliibadilisha kwa gari aina ya Nissan 350Z na iPhone nyingine tatu.

Walanguzi nao hawakulala. Hadi mwisho wa mwaka 2007, iPhone ilikuwa ikiuzwa rasmi katika nchi nne tu: Marekani, Uingereza, Ujerumani na Ufaransa. Aliyeitaka akiwa kwingineko, iwe Shanghai, Dubai au Dar es Salaam, hakuwa na njia nyingine ila kupata iliyofunguliwa. Bei iliposhushwa hadi dola 399 mwezi Septemba, biashara ya kuzinunua kwa wingi na kuzipeleka nje ilizidi kuvutia.

Oktoba 2007 Apple ilieleza kuwa kati ya simu takriban milioni 1.4 ilizokwisha kuuza, inakadiria 250,000 zilinunuliwa na watu waliokusudia kuzifungua. Hiyo ni zaidi ya simu moja katika kila sita.

Fedha taslimu zakataliwa

Kampuni ilijibu kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kiufundi. Mwishoni mwa Septemba 2007 ilitoa programu mpya, na baadhi ya simu zilizokuwa zimefunguliwa zilipopokea programu hiyo zikafa kabisa. Kampuni ilikuwa imetoa tahadhari siku chache kabla, lakini aliyepoteza simu ya mamia ya dola alibaki akijiuliza: hivi kile nilichonunua ni mali yangu au ya nani?

Njia ya pili ilikuwa dukani. Awali mteja aliruhusiwa kununua hadi simu tano. Oktoba mwaka huo kiwango kilishushwa hadi mbili, tena fedha taslimu hazikupokewa. Sababu inaeleweka: noti haina jina, kadi ya benki inalo. Anayelipa kwa kadi anaweza kuhesabiwa amenunua ngapi.

Tatizo la sharti la namna hiyo ni kwamba linamgusa na asiyehusika. Mwaka 2010 sharti kama hilo liliwekwa kwa kompyuta ya iPad. Mteja mmoja wa California aliyedunduliza fedha zake kidogo kidogo alifika dukani na noti mkononi, akarudishwa. Habari zake zilipotangazwa, kampuni ililiondoa sharti hilo Mei mwaka huo huo.

Bei ya uhuru

Loki ina thamani gani kwa fedha? Ujerumani ilitoa jibu bila kukusudia. Novemba 2007 kampuni ya T-Mobile iliuza iPhone kwa euro 399 pamoja na mkataba. Mshindani wake, Vodafone, alikwenda mahakamani Hamburg, na kwa muda T-Mobile ikalazimika kuuza pia simu isiyo na loki. Bei yake ilikuwa euro 999. Tofauti ni euro 600. Desemba uamuzi huo ulitenguliwa na loki ikarudi. Nchini Ufaransa, Orange iliuza simu isiyofungwa wala kuwa na mkataba kwa euro 749.

Mwaka 2008 utaratibu ulibadilika. iPhone 3G iliuzwa Marekani kwa dola 199, sehemu kubwa ya gharama ikibebwa kwanza na kampuni ya simu ili irudishe fedha zake kwenye mkataba. Hapo loki ilipata utetezi wa haki zaidi, kwani simu ilikuwa kama mkopo. Lakini mkopo ukiisha, kwa nini kamba ibaki?

Swali hilo limezisukuma nchi kadhaa kuchukua hatua. Marekani, kufungua simu bila idhini ya kampuni kulikuwa kosa kwa simu zilizonunuliwa baada ya Januari 26, 2013. Watu zaidi ya 114,000 walitia saini kupinga, na Agosti 1, 2014 Rais Barack Obama alisaini sheria iliyorejesha ruhusa. Kanada ilipiga marufuku ada ya kufungua simu kuanzia Desemba 2017. Uingereza ilikataza kuuza simu zenye loki kuanzia Desemba 2021.

Loki imekuja kwetu kwa mlango mwingine

Afrika Mashariki tumezoea kununua simu kwa fedha kamili na kuweka laini tunayoitaka. Lakini simu za mkopo zimeleta loki ya aina yake. Mwaka 2020 Safaricom ya Kenya, ikishirikiana na Google, ilianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, malipo yakianzia shilingi 20 za Kenya kwa siku. Asiyelipa, simu hujifunga.

Mpango wa namna hiyo unaweza kumsaidia mkulima au mama lishe asiyeweza kutoa fedha zote kwa mkupuo. Ila mambo manne yazingatiwe kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, zidisha malipo ya siku kwa idadi ya siku, ongeza cha kuanzia, halafu linganisha na bei ya simu hiyo hiyo kwa fedha taslimu.

Pili, uliza loki itaondolewa lini, na jibu liwe kwenye maandishi.

Tatu, ukinunua simu iliyotumika, weka laini yako mwenyewe na upige simu ukiwa bado dukani. Mwambie muuzaji aondoe akaunti yake na aisafishe simu mbele yako, kwani loki ya akaunti au ya mkopo hurudi baada ya kusafishwa.

Nne, ukitumiwa simu kutoka nje, mwambie ndugu yako amalize deni na aombe kampuni yake iifungue kabla haijapanda ndege.

Ukiyapuuza hayo, utakuwa umenunua mbuzi kwenye gunia. Na fundi, hata akiifungua leo, hawezi kukuhakikishia kuwa programu mpya ya kesho haitaifunga tena.