Uraia, Uzalendo na Umbali: James Baldwin Ughaibuni

Katika mazungumzo ya kila siku, uraia na uzalendo huchukuliwa aghalabu kuwa kitu kimoja. Hata hivyo, uraia huandikwa kwenye pasipoti na huweza kukanwa mbele ya afisa, ilhali uzalendo, neno ambalo lenyewe linatukumbusha kuzaliwa, hauna afisi ya kuurudishia. Tofauti hii hudhihirika zaidi kwa mtu aliyeihama nchi yake. Mfano bora ni ule wa waandishi Wamarekani weusi waliohamia Paris baada ya Vita Vikuu vya Pili.

Richard Wright, aliyeandika Native Son, alikuwa mmoja wao. James Baldwin aliwasili Novemba 1948, kijana wa miaka 24 mwenye dola 40 hivi mfukoni. Hakufuata utajiri, alihofia kwamba ghadhabu ya suala la rangi nchini mwake ingemmaliza. Yamkini alitarajia kuuacha Umarekani wake ng'ambo ya bahari.

Kilichotokea ni kinyume. Desemba 1949 alitiwa mbaroni kwa sababu ya shuka la kitanda ambalo Mmarekani mwenzake alikuwa amelichukua hotelini. Mkasa huo, alioueleza katika insha "Equal in Paris", una kichekesho kichungu. Huko Marekani Baldwin alikuwa amejifunza kuzisoma nyuso za polisi weupe na kujua la kutarajia. Mbele ya askari wa Kifaransa elimu hiyo haikufaa kitu, kwani hawakumwona kama mtu mweusi wa kudharauliwa; walimwona kama Mmarekani. Kitambulisho alichonyimwa nyumbani akakabidhiwa gerezani, na wageni! Alipoachiliwa, mahakama iliangua kicheko kwa kisa cha shuka, naye akakitambua kicheko hicho: ni kile kile cha watu walio salama mbali na mateso ya wanyonge, kile alichokuwa amekikimbia.

Baadaye, katika kijiji cha milimani nchini Uswisi, alikamilisha riwaya yake ya kwanza, Go Tell It on the Mountain, iliyochapishwa mwaka wa 1953. Alikuwa amebeba taipureta na santuri za Bessie Smith. Inafaa kuzingatiwa kwamba nchini Marekani hakuwa akimsikiliza mwimbaji huyo, madhali aliona haya kuhusishwa na picha ambayo weupe walikuwa wameichora kuhusu watu wake. Ilibidi azingirwe na theluji na watu wasiowahi kumwona mtu mweusi ndipo aisikie upya lugha ya utotoni mwake. Mhakiki anayeichukulia riwaya hiyo kuwa ya Harlem pekee anasahau mahali ilipomalizikia.

Septemba 1956 waandishi na wasanii weusi walikutana Sorbonne. Ujumbe wa W. E. B. Du Bois ulisomwa, akieleza kwamba hakuhudhuria kwa kuwa serikali yake ilimnyima pasipoti. Naye Aimé Césaire alipowaweka Wamarekani weusi karibu na watu waliotawaliwa na wakoloni, Baldwin, aliyekuwapo kama mwandishi wa habari, aliona pengo. Kwake, Mmarekani mweusi hakuwa na mkoloni wa kumfukuza arudi kwao. Aliyemdhulumu alikuwa ndugu wa nyumba moja.

Ndiyo maana mwaka wa 1957 alirejea, akasafiri hadi Charlotte na Atlanta kushuhudia mapambano ya haki za kiraia. Kuikosoa nchi kwa ukali aliouonyesha katika The Fire Next Time, mwaka wa 1963, hakukuwa kuikana. Mwaka huo huo Du Bois alichukua uraia wa Ghana. Alifariki Accra tarehe 27 Agosti, siku moja kabla ya maandamano makubwa ya Washington, na kifo chake kikatangazwa kwa umati uliokusanyika huko. Ni vigumu kudai kwamba aliyebadilisha pasipoti alikuwa mzalendo hafifu kuliko mwenzake.

Baldwin aliishi miaka yake ya mwisho Saint-Paul-de-Vence, kusini mwa Ufaransa, bila kuukana uraia wa Marekani. Alifia huko tarehe 1 Desemba 1987. Maiti yake ilirudishwa, ikazikwa Hartsdale, jimbo la New York.