Nyota Tatu za Maji Kupwa

Nina vyumba viwili uani kwangu Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, napangisha kwa wageni kupitia Airbnb. Mwaka juzi bwana mmoja alinipa nyota tatu kati ya tano. Shuka safi, chapati alizisifu mwenyewe. Kilichomuudhi ni bahari. Alitoka asubuhi ya bamvua na taulo begani, akaikuta imekimbilia mwambani, na wanawake wameinamia mwani pale alipodhani ataogelea.

Nyota tatu ni chungu ukizipigia hesabu. Daraja la Mwenyeji Bingwa linataka wastani usiopungua 4.8. Ili zile tatu zifidiwe, wageni tisa wengine wote wanipe tano. Hata nyota nne, ambazo mtu huzitoa kwa nia njema kabisa, zataka wanne wa kuziziba. Juu ya hayo ujibu angalau asilimia 90 ya wanaokuuliza, na nafasi unazofuta zisifike asilimia 1. Mwenye vyumba viwili hafikishi wateja mia kwa mwaka. Nikifuta mara moja tu kwa sababu zangu, nimeshavuka mpaka. Kipimo hurudiwa kila miezi mitatu.

Mtu aliyeko Milano hawezi kuja kunusa godoro, basi huchuja. Akitaka Mwenyeji Bingwa pekee, asiye na beji hamwoni. Na asiyeonekana atapata wapi wageni wa kumpandisha? Mimi nilianza kwa bei ya kutupa, jirani akanicheka, lakini ndiyo iliyoniletea wageni wangu kumi wa mwanzo.

Nilipopata beji nikagundua jambo ambalo sikulitarajia: wageni walibadilika. Wa mwanzo walijua wanafikia nyumbani kwa watu; walikaa jikoni wakikuna nazi na mama. Waliofuata beji walikuja na matarajio ya hoteli. Chumba kilekile, samaki yuleyule, alama zikawa kali zaidi. (Mwaka 2023 likaongezwa daraja jingine linalopewa nyumba badala ya mwenyeji. Dawa ya matarajio hayo sikuiona humo.)

Siku hizi maelezo ya vyumba vyangu yanaanza na bahari: hukupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua huenda mbali. Wanaouliza wamepungua. Juzi mmoja ameniandikia kutaka kujua maji yatatoka saa ngapi, maana anataka kutembea hadi mwambani.