Mfuko wa Barua na Programu za Proksi: Mwongozo kwa Wahudumu wa Afya wa Tabora

Mfuko wa barua uliotumwa kwa Dkt. David Livingstone kutoka Unguja ulikuwa umeandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Msafara uliokabidhiwa mfuko huo ulikaa Bagamoyo miezi kadhaa, ukafika Unyanyembe, karibu na mji wa Tabora wa leo, ukakwama tena. Henry Morton Stanley aliukuta hapo, akaubeba hadi Ujiji, na mwezi Novemba 1871 Livingstone akaufungua mwenyewe. Barua zilichelewa mwaka mzima, lakini zilifika. Bidhaa zake zilizotangulia Ujiji hazikuwa na bahati hiyo: mtu aliyekabidhiwa kuzitunza alikuwa ameziuza zote, kwa madai kwamba mwenyewe ameshakufa.

Mhudumu wa afya anayesakinisha programu ya proksi katika simu yake hufanya jambo lilelile la kumkabidhi mwingine mfuko. Proksi ni seva inayosimama katikati. Kifaa hakizungumzi na tovuti moja kwa moja, bali humpa wakala ombi, naye huenda akaleta jibu. Tovuti huona anwani ya wakala, haioni ya mtumaji. VPN ni ndugu yake wa karibu, ila kwa kawaida hubeba mawasiliano yote ya kifaa, nayo husafiri yakiwa yamesimbwa hadi kwenye seva ya mwenye huduma. Mitaani vyote viwili huitwa VPN, na mkanganyiko huo ndio chanzo cha makosa mengi ya uchaguzi.

Swali la kwanza, kwa hiyo, ni kama programu inahitajika kabisa. Mwanafunzi wa udaktari aliyepelekwa mafunzoni Kitete, Nzega au Igunga hukuta kwamba majarida aliyoyasoma bila kizuizi akiwa chuoni sasa yanamdai malipo. Sababu ni kwamba wachapishaji huitambua maktaba kwa anwani za intaneti za chuo, na simu iliyo Nzega haina anwani hiyo. Maktaba nyingi za vyuo zimeweka proksi ya wavuti kwa ajili ya hali hii: msomaji hufungua kiungo cha maktaba katika kivinjari, huingiza jina na nywila aliyopewa, kisha husoma. Hakuna cha kusakinisha. Vivyo hivyo HINARI, mpango wa Shirika la Afya Duniani uliofunguliwa mwaka 2002 ili taasisi za nchi zenye kipato kidogo zisome majarida ya tiba bure au kwa gharama ndogo, hufunguliwa kwa akaunti ya taasisi. Anayepakua programu asiyoijua ili asome makala moja amejitwika mzigo usio wake, na mara nyingi makala hayafunguki, kwa kuwa anwani ya seva ile si ya chuo.

Haja ya kweli ya programu hutokea pale mtumishi anapotakiwa kuingia katika mfumo wa ndani wa taasisi akiwa nje yake, au anapofanya kazi kupitia Wi-Fi ya nyumba ya wageni asiyoifahamu. Hapo ndipo tabia ya mbebaji hupimwa.

Wapagazi wa Kinyamwezi walilipwa ujira kwa vitambaa na shanga, na kila mwenye msafara alijua gharama yake kabla ya kuondoka. Programu ya bure nayo hulipwa, ila mlipaji haambiwi. Mwaka 2016 watafiti walichunguza programu 283 za VPN za Android: asilimia 38 zilionyesha dalili za programu hasidi, asilimia 75 zilikuwa na vipande vya kufuatilia watumiaji vilivyotengenezwa na kampuni nyingine, na asilimia 18 hazikusimba mawasiliano hata kidogo, ingawa kusimba ndiyo kazi iliyozileta sokoni. Onavo Protect, iliyomilikiwa na Facebook, ilijitangaza kuwa mlinzi wa data huku ikimkusanyia mwenyewe habari za matumizi ya simu. Iliondolewa katika duka la Apple mwaka 2018. Mwaka 2015 ilibainika kwamba Hola, huduma nyingine ya bure, iliuza njia za intaneti za watumiaji wake, hata mtu asiyejulikana akaweza kupita kwenye anwani ya mwingine kufanya alitakalo.

Ni kweli kwamba tovuti nyingi leo husimba mawasiliano yake zenyewe, hivyo wakala haoni maneno yaliyoandikwa ndani. Hata hivyo huona majina ya tovuti zinazotembelewa, saa na kiasi. Akimshawishi mtumiaji kukubali cheti cha usalama kipya ndani ya simu, kinga hiyo nayo huweza kuanguka na mfuko ukafunguliwa njiani. Programu inayoomba kuweka cheti chake, isipokuwa kwa maelekezo ya ofisa TEHAMA wa taasisi, ikataliwe papo hapo. Katika mji ambao muuguzi na mgonjwa husali kanisa moja au msikiti mmoja, majibu ya kipimo cha VVU yakishavuja hayarudishwi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti.

Sheria inagusa na chombo chenyewe. Tarehe 13 Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliwataka watu na taasisi zinazotumia VPN kwa shughuli halali kuzisajili kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo, pamoja na kutaja anwani zake za intaneti. Msingi wake ni kanuni za maudhui mtandaoni za mwaka 2020, zinazokataza teknolojia ya kumfikisha mtu kwenye maudhui yaliyozuiwa. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. VPN iliyosajiliwa na mwajiri humwondolea mtumishi kazi ya kuomba usajili mmojammoja, na hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuanzia kwa ofisa TEHAMA kabla ya kwenda dukani.

Taasisi nyingi hutumia OpenVPN, iliyoanza mwaka 2001, au WireGuard, iliyoingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2020. Zote mbili msimbo wake uko wazi kukaguliwa, na zina programu za Android, iPhone, Windows, macOS na Linux. Programu yenyewe ni kasha tupu. Kinachoipa uhai ni faili la mipangilio lenye anwani ya seva na ufunguo.

Kwa simu na vishikwambi, programu ipakuliwe kutoka Play Store au App Store tu, na jina la mtengenezaji lisomwe kwa makini, kwa kuwa majina ya kuigiza ni mengi. Mafaili ya programu yanayorushwa katika makundi ya WhatsApp yaachwe. Kwa WireGuard, ofisa TEHAMA huonyesha msimbo wa mraba kwenye kioo cha kompyuta, simu ikausoma kwa kamera, na kazi imekwisha. Simu huuliza mara moja kama mtumiaji anaruhusu muunganisho wa VPN. Ruhusa ya kusoma anwani za marafiki au ujumbe mfupi haihusiani kabisa na kazi hii. Katika simu nyingi za Android, mipangilio ya VPN ina sehemu ya kuiacha iwake daima na nyingine ya kuzuia mawasiliano yasiyopitia humo. Zikiwashwa zote mbili, mtandao ukikatika njiani kati ya Sikonge na Tabora data haitoki ikiwa wazi.

Kompyuta mpakato ya Windows huhitaji haki za msimamizi, na faili hupakuliwa katika tovuti ya mtengenezaji. Kompyuta ya wodi inayotumiwa na watu wengi isiwekewe programu ya mtu binafsi. Sehemu ya proksi katika mipangilio ya Windows nayo hudhaniwa kuwa VPN, ilhali huongoza zile programu tu zinazokubali kuifuata. Nyingine hupita njia yake. Proksi inayoandikwa katika mipangilio ya Wi-Fi ya simu huhusu Wi-Fi hiyo pekee, na mtumiaji akihamia kwenye data ya simu haipo tena. Katika Linux, programu ichukuliwe kwenye hazina ya mfumo wenyewe.

Baada ya kusakinisha, anwani ya intaneti iangaliwe kwenye tovuti inayoionyesha, kabla ya kuunganisha na baada yake. Isipobadilika, huenda hakuna kinachobebwa, au mipangilio ya taasisi inapitisha mifumo ya ndani peke yake, jambo ambalo ofisa atalithibitisha. Muunganisho wa OpenVPN ukikataa bila sababu, tarehe ya kompyuta itazamwe kwanza. Mashine kuukuu yenye betri ndogo iliyokufa hurudi miaka ya nyuma kila inapozimwa, na vyeti vya usalama huonekana kwake kama havijaanza kutumika.

Kosa linalorudiwa sana ni kunakili faili moja la mipangilio kwenye simu, kishikwambi na kompyuta, au kumpa mwenzake wa zamu. Katika WireGuard vifaa viwili vyenye ufunguo mmoja hunyang'anyana njia, kimoja kikipata kingine kikikosa, na lawama huangukia mtandao. Kila kifaa kipewe ufunguo wake, wenye jina lake katika daftari la ofisa TEHAMA. Simu ikiibiwa stendi, ofisa hufuta ufunguo wa simu hiyo peke yake, na kompyuta ya mtumishi yuleyule huendelea na kazi.