Kasha la amplifaya ya gitaa

Kasha la amplifaya ya gitaa (pia: boksi la spika) ni sanduku la mbao linalobeba spika ya gitaa la umeme, na mara nyingi amplifaya yenyewe. Kasha la redio ya nyumbani halitakiwi kuongeza chochote kwenye sauti. Kasha la gitaa, kinyume chake, huhesabiwa kuwa sehemu ya ala: aina ya mbao, unene wake na jinsi lilivyounganishwa husikika.

Wazi au kufungwa

Spika inaposukuma hewa mbele, upande wa nyuma huivuta. Mawimbi hayo mawili yakikutana hufutana, hasa yale ya sauti nzito, kwa sababu ni marefu: wimbi la hezi 100 lina urefu wa takriban mita 3.4, hivyo huzunguka kasha dogo bila shida. Kwa hiyo kasha lililo wazi nyuma huwa na besi nyepesi, lakini sauti yake husambaa chumbani kote. Kasha lililofungwa huzuia mawimbi yasikutane na kutoa besi nzito inayoelekea mbele. Mfano wake maarufu ni makasha ya spika nne ya kampuni ya Marshall ya Uingereza, ya tangu miaka ya 1960.

Mfano wa Fender Deluxe

Kasha linaloigwa sana na mafundi wa nyumbani ni la Fender Deluxe, toleo la 5E3, lililotengenezwa huko Fullerton, California, tangu 1955 hadi 1960. Ni dogo: upana wake ni kama sentimita 51 na kimo sentimita 42, na lina spika moja ya inchi 12. Kuta zake ni mbao za msonobari zenye unene wa milimita 19 hivi. Ubao wa mbele unaoshika spika ni plaiwudi nyembamba, takriban milimita 8, ambayo hutetemeka pamoja na spika. Msonobari ulichaguliwa kwa kuwa rahisi na mwepesi. Sifa zake za sauti zilikuja kuthaminiwa baadaye.

Kuunganisha mbao

Mbao ziwe zimekauka vizuri. Ubao hutanuka na kusinyaa kwa upana wake, kukatisha nyuzi, lakini karibu haubadiliki kwa urefu. Kwa sababu hiyo nyuzi za mbao zote nne hupangwa zizunguke kasha, ili zote zitanuke na kusinyaa kwa pamoja. Fundi akiugeuza ubao mmoja, viungo vitapasuka msimu wa hewa ukibadilika, hata kama gundi ni nzuri.

Pembeni hutumika kiungo cha vidole: ncha za mbao mbili hukatwa meno yanayoingiliana. Gundi haishiki vizuri kwenye ncha iliyokatwa ya ubao, kwani huifyonza. Meno huipa nafasi kubwa ya kushika ubavu kwa ubavu. Kina cha meno huchorwa kwa kuzidi unene wa ubao kidogo, nusu milimita inatosha, kisha ncha zinazochomoza husawazishwa kwa randa baada ya gundi kukauka. Kabla ya gundi, kasha huunganishwa kavu. Baada ya kulibana, pembe hadi pembe hupimwa kwa futi. Vipimo viwili vikilingana, kasha limenyooka.

Tundu la spika ya inchi 12 lina kipenyo cha milimita 280 hivi. Spika hukazwa kwa bolti kidogo kidogo, kwa kupokezana pande zinazokabiliana. Ikikazwa upande mmoja kwanza, fremu yake hupinda.

Kumalizia kwa mkono

Fender walifunika kasha kwa kitambaa cha pamba na kukipaka vanishi, ambayo hugeuka rangi ya asali kwa miaka. Wengi leo huacha mbao zionekane, na hapo ndipo kazi ya mkono huanza. Kingo huviringishwa kwa randa, kisha msasa: namba 80 kwanza, halafu 120, 180 na 240, kila mara kufuata nyuzi. Kuruka namba ni kujidanganya, maana mikwaruzo ya msasa mkali hujitokeza mara rangi inapopakwa. Kabla ya msasa wa mwisho, mbao hupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu ili vinyweleo visimame na kukatwa.

Msonobari hunywa rangi kwa mabaka. Dawa yake ni kupaka kwanza shelaki nyepesi iliyoyeyushwa kwa spiriti, kuiacha ikauke, kuisugua kidogo, ndipo rangi ifuate. Juu yake hupakwa shelaki zaidi, kwa tabaka nyembamba nyingi badala ya moja nene.

Wanaopendelea mafuta ya kitani wana jambo moja la kuangalia. Vitambaa vilivyolowa mafuta hayo hutoa joto vinapokauka, na vikirundikwa vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandazwe nje kimoja kimoja, au vitumbukizwe majini.

Usalama na majaribio

Amplifaya za vali, kama ya Deluxe, hubeba umeme wa zaidi ya volti 300 ambao unaweza kubaki kwenye kapasita hata baada ya kuchomolewa. Asiye na ujuzi asiiguse sehemu hiyo. Kasha linaweza kutengenezwa lote bila kuifungua. Vali pia hutoa joto kali, hivyo mbao za nyuma ziache upenyo.

Kasha likikamilika, hupigwa sauti moja inayopanda polepole kuanzia hezi 60 au 70. Mahali fulani kitu kitacheza: skrubu, mpini, au ubao wa nyuma. Kidole kikigandamizwa hapo mlio hukoma, na mwenye kosa amejulikana.