Dukula na Kikwembe: Nguo Inapokuwa Hazina

Katika Arthashastra, kitabu cha kale cha utawala cha Wahindi ambacho hunasibishwa na Kautilya, vitambaa vimewekwa sura moja na lulu, vito, msandali na ngozi za thamani. Sura hiyo inamwelekeza msimamizi wa hazina ya mfalme mali ipi aipokee na aikague vipi. Mojawapo ya vitambaa hivyo ni dukula. Ya Vanga ni nyeupe, ya Pundra ni nyeusi, ya Suvarnakudya ina rangi ya jua. Kamusi za Kisanskriti hulipa neno hilo maana zaidi ya moja: mmea fulani, kitambaa laini kilichofumwa kwa nyuzi za gamba la ndani la mmea huo, na baadaye hariri au vazi lolote la fahari. Wataalamu bado wanabishana ulikuwa mmea gani hasa. Lililo wazi ni kwamba nyuzi zilizobanduliwa kwenye shina ziliingia hazina ya mfalme zikakaa pamoja na lulu.

Mtu wa Masisi, mashariki mwa Congo, hahitaji kufika Uhindi ili aelewe jambo hilo. Katika karne ya 19, kabla ya fedha za Wabelgiji, milima na misitu ya magharibi mwa Ziwa Kivu ilikuwa na mali yake ya nyuzi. Iliitwa butega. Ni bangili nyembamba zilizosukwa kwa nyuzi za msituni, na mafundi wake mashuhuri walikuwa Watembo. Wanawake wa ng'ambo ya ziwa, hata Rwanda, walizivaa miguuni kwa wingi. Mwanahistoria David Newbury, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1980 kuhusu biashara ya eneo la Ziwa Kivu, alionyesha kwamba butega hazikuwa pambo tu: zilikuwa kipimo cha thamani sokoni, na kwa hizo watu walibadilishana vyakula, mifugo na bidhaa nyingine. Mwanamke aliyevaa butega alitembea na akiba yake mwilini.

Wakati huohuo, kusini zaidi, kitambaa cha kutoka pwani kilikuwa kinafanya kazi ileile. Misafara iliyotoka Unguja na Bagamoyo kwenda Ujiji, Kasongo na Nyangwe ilibeba merikani, kaniki na nguo za rangi. Merikani ilitoka viwanda vya Massachusetts, na njia yake iliimarishwa na mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sultani Seyyid Said. Kaniki ilitoka Uhindi. Hongo, yaani ushuru wa njiani, ililipwa kwa nguo, wapagazi walilipwa kwa nguo, na pembe za ndovu zilinunuliwa kwa nguo. Watu pia walinunuliwa kwa nguo, na anayesimulia fahari ya vitambaa vya pwani akaliacha hilo anasimulia nusu ya habari. Hesabu ilikuwa shuka ya yadi 2, doti ya yadi 4, na jora kwa mzigo mkubwa. Shuka ile ya yadi 2 bado ipo. Leo ndiyo kipande kimoja cha kikwembe: muuzaji wa Goma anakata yadi 6, nazo zinahesabiwa vipande vitatu.

Kikwembe ndilo jina tunaloliita kitenge huku kwetu mashariki mwa Congo, na wingi wake ni bikwembe. Asili yake ni mzunguko mrefu. Batiki ya Java iliigwa na viwanda vya Uholanzi, kikiwemo cha Vlisco kilichoanzishwa Helmond mwaka 1846, na nguo hiyo ikapata wanunuzi wake wa kudumu Afrika. Congo nayo ilichapa za kwake. Wakoloni waliwalazimisha wakulima kulima pamba kuanzia mwaka 1917, na viwanda vya Léopoldville, ambavyo baadaye vilijulikana kama Utexafrica, viliisokota na kuichapa. Vita, uporaji na bidhaa rahisi za kutoka Asia vilivimaliza. Mama wa Lushebere, huku Masisi, anayenunua kikwembe leo ananunua, kwa kawaida, kazi ya viwanda vya China, na kwa nadra sana ya Uholanzi.

Angalia anavyonunua. Anakunjua pembe moja na kuigeuza: kama rangi ya nyuma imefifia kuliko ya mbele, hiyo si wax halisi, yaani nguo iliyochapwa kwa nta. Anasoma maandishi yaliyochapwa kwenye ukingo wa kitambaa, herufi kwa herufi, kwa sababu nguo bandia hubadilisha herufi moja au mbili. Anatafuta mistari midogo kama nyufa inayoachwa na nta inapovunjika. Anakisugua kidoleni kujua kama ugumu wake ni wa pamba au wa wanga utakaoisha siku ya kwanza ya kufuliwa. Ni ukaguzi uleule aliopewa msimamizi wa hazina ya Kautilya, na unafanywa kwa uzito uleule, kwani fedha zile ni za maharagwe ya msimu mzima.

Kikishanunuliwa, si lazima kivaliwe. Kipande kimoja kinashonwa, cha pili kinafungwa kiunoni, cha tatu kinabeba mtoto mgongoni. Vingine vinakaa sandukuni bila kukatwa, kwa sababu kikwembe kizima huuzika na kilichoshonwa hakiuziki kwa bei hiyo. Akina mama wa likelemba huzungushiana fedha, na zamu ya mmoja ikifika mara nyingi ananunua bikwembe. Wakati wa mahari, sehemu nyingi za Congo, kikwembe kizuri cha mama wa binti hakikosi kwenye orodha. Mtoto akiugua usiku, kikwembe hupelekwa kwa jirani kuwekwa rehani. Sanduku lile ndilo benki, na mwenye ufunguo ni mwanamke.

Jambo hili lina uzito wa pekee Masisi kwa sababu mali nyingine kubwa ya hapa ni ardhi, na mwanamke mara chache sana huwa na jina lake kwenye ardhi. Milima ya Masisi ilitwaliwa na mashamba ya walowezi, ikapokea wahamiaji walioletwa na serikali ya kikoloni kutoka Rwanda tangu mwaka 1937, kisha sheria ya mwaka 1973 ikaifanya ardhi yote kuwa ya dola, na uzairishaji wa mwaka huohuo ukawapa wakubwa wa siasa mashamba ya wazungu. Kila hatua iliandikwa kwenye karatasi, na wanawake hawakuwemo kwenye karatasi hizo. Ng'ombe nao ni wa baba. Kikwembe hakina hati wala mthamini, na kwa sababu hiyo ni vigumu kumnyang'anya mwanamke kwa njia ya sheria. Kinanyang'anywa kwa njia nyingine.

Lushebere imewahi kupokea wakimbizi wa ndani, na imewahi pia kuwatoa. Masisi-centre, iliyo jirani, iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi Januari 2025, na watu wakakimbia tena. Anayekimbia kwa miguu na mtoto mgongoni hawezi kubeba magunia ya viazi, wala kitanda. Bikwembe anaweza. Vinafungwa furushi, vinabebwa kichwani, na kambini vinauzwa kimoja kimoja kwa unga na sabuni. Wengine hawapati nafasi hata hiyo. Wenye silaha wanajua sanduku liko wapi, na furushi kichwani linaonekana kwa mbali.

Swali ni kama hasara hiyo huhesabiwa fidia inapotolewa. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Congo dola milioni 325 kwa maovu ya vita vya 1998 hadi 2003: milioni 225 kwa madhara ya watu, milioni 40 kwa mali, milioni 60 kwa maliasili. Majaji walilalamikia upungufu wa ushahidi, wakaishia kukadiria jumla badala ya kuhesabu kila hasara. Mwezi Desemba mwaka huohuo Congo ilitunga sheria ya fidia kwa waathiriwa, iliyozaa mfuko wa FONAREV. Kazi ya kuwasikiliza na kuwaandika waathiriwa ni ndefu, nami naamini kwamba ubora wake utategemea sana maswali yanayoulizwa. Mtu akiulizwa amepoteza nini katika vita, huanza na nyumba, ng'ombe na shamba, na mara nyingi anayejibu ni mwanamume. Mwanamke aulizwe peke yake, na aulizwe kwa jina la kitu: bikwembe vingapi, vya aina gani, vilivyoshonwa au vizima, vilinunuliwa kwa mavuno yapi. Atajibu. Anaijua hesabu ya sanduku lake, hadi rangi ya kila kimoja.