Teknolojia: Kijana anaweza kuanza kujifunza HTML bila mega hata moja

Vijana wengi wa Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia wanafikiri kwamba kutengeneza kurasa za intaneti ni kazi ya wenye kompyuta za bei kali na mega za kutosha kila siku. Kwa hatua za kwanza, si kweli. HTML, lugha inayobeba kila ukurasa unaofunguliwa kwenye intaneti, inaweza kuandikwa na kujaribiwa bila muunganisho wowote.

HTML si lugha ya mahesabu. Ni alama zinazoonyesha kichwa cha habari ni kipi, fungu la maneno linaanzia wapi na picha inakaa wapi. Ilibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee alipokuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti kilicho Geneva, Uswisi. Maelezo yake ya kwanza, mwaka 1991, yalikuwa na alama 18 tu. Tarehe 30 Aprili 1993, CERN iliwaachia watu wote teknolojia hiyo ya Web bila malipo. Hadi leo, hakuna anayelipishwa kwa kuandika HTML.

Kompyuta ya zamani inatosha kuanzia. Windows inakuja na Bloc-notes, programu ndogo ya kuandikia. Kwa simu za Android pia kuna programu za aina hiyo za bure. Mfano ni mama anayeuza sambaza. Mtoto wake anaweza kumwandikia hivi:

<h1>Sambaza za Ziwa Kivu</h1>
<p>Zimekaushwa vizuri. Tunauza kila asubuhi.</p>

Alama <h1> inafungua kichwa kikubwa, na </h1> inakifunga. Alama <p> ni ya fungu la maneno. Kisha faili inahifadhiwa kwa jina sambaza.html na kufunguliwa kwa Chrome ao Firefox. Ukurasa unaonekana papo hapo, kwa sababu unasomwa kutoka ndani ya mashine yenyewe.

Makosa ya wanaoanza yanajulikana. Bloc-notes inaweza kuongeza .txt mwishoni mwa jina, na badala ya ukurasa zikaonekana alama tupu. Mwingine anasahau kufunga <h1>, na maneno yote yanayofuata yanakuwa makubwa. Mashine haitoi onyo lolote, ni macho ya mwandishi yanayopaswa kugundua. Tena, bila <meta charset="utf-8"> mwanzoni mwa ukurasa, neno la Kifaransa «marché» linaweza kutokea «marchÃ©». Kwa ukurasa wa Kiswahili, kuandika <html lang="sw"> kunasaidia programu zinazowasomea vipofu kutambua lugha.

Wakongomani wanakumbuka tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilipokatwa nchini. Ilirudi baada ya siku karibu 20. Katika siku kama hizo masomo ya mtandaoni yanasimama, lakini faili ya HTML iliyo ndani ya kompyuta inafunguka kama kawaida. Umeme nao ukikatika, daftari na kalamu vinatosha kuandaa mistari itakayoingizwa baadaye.

Hata hivyo, HTML ni mifupa tu. Rangi na mpangilio ni kazi ya CSS, na vitendo kama kuhesabu bei ni vya JavaScript. Ili watu wa mbali waone ukurasa, lazima uwekwe kwenye seva, na hapo mega zinahitajika. Anayetaka jina linaloishia kwa .cd, alama ya Kongo kwenye intaneti, analilipia.

Lakini gharama hizo zinaweza kungoja. Leo hii mama wa sambaza anaweza kuona ukurasa wake kwenye simu ya mtoto wake, na jirani akatumiwa faili hiyo kwa Bluetooth, kabla hata ya mega moja kununuliwa.